Walimu Wetu: Wajifunze kwa Simu ama Wakutane Ana kwa Ana?



Pengine mtauliza, mambo ya walimu yanatuhusu nini sisi wa vikundi vya maji, vya kuku na vya kuweka akiba? Yanatuhusu sana. Mtoto akifika gredi ya nne kabla hajajua kusoma, hasara ni ya kijiji kizima. Na mwalimu, kama mkulima, hujifunza mengi kutoka kwa wenzake. Hebu tuangalie anajifunza vipi siku hizi.

SIMU INASAIDIA

Walimu wengi sasa wako katika grupu za WhatsApp. Humo wanatumiana maazimio ya kazi, na wanaulizana kuhusu mtaala wa CBC, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka wa 2019. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, simu ndiyo iliyowaunganisha. Mwalimu aliye mbali na barabara anaweza kuuliza swali usiku na kujibiwa na mwenzake wa Kitale ama Kwale. Jambo hilo tusilidharau.

JARIBIO LA AFRIKA KUSINI

Lakini je, simu yatosha? Katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, jambo hili lilipimwa kuanzia mwaka wa 2017. Shule 180 ziligawanywa kwa kura katika mafungu matatu. Katika fungu la kwanza, mwalimu mshauri alifika darasani, akaketi, akatazama somo, kisha akamwonyesha mwenzake njia. Katika fungu la pili, mshauri alisaidia kwa simu na WhatsApp, na walimu wakapewa tableti. Fungu la tatu liliendelea kama kawaida.

Baada ya mwaka mmoja, mafungu mawili ya kwanza yalikaribiana. Baada ya miaka mitatu, tofauti ilionekana wazi. Watoto ambao walimu wao walitembelewa walikuwa wamepanda katika kuongea na kusoma Kiingereza. Wale wa fungu la simu walipanda kidogo katika kuongea, lakini katika kusoma hawakupanda. Tena kusoma kwao kwa lugha ya nyumbani kulirudi nyuma.

KWA NINI?

Sisi twaona hivi. Kwenye simu, mwalimu huuliza lile analojua kwamba limemshinda. Kosa asiloliona hawezi kuliuliza. Kama anawasomesha tu watoto watano walio mbele, yeye mwenyewe huenda hajui. Mwenzake akiketi nyuma ya darasa, ataliona kabla kipindi hakijaisha.

Ninyi wakulima mnajua. Nafasi ya kupanda mahindi unaweza kuambiwa kwa simu. Lakini kupogoa kahawa unajifunza ukiwa umeshika makasi, na mjuzi amesimama kando yako.

Hapa Kenya, mradi wa kusoma wa Tusome, ulioenea nchi nzima mwaka wa 2015, uliunganisha njia zote mbili. Maafisa waliwatembelea walimu darasani wakiwa na tableti. Walitazama somo, wakawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakaketi na mwalimu kuzungumza. Tableti haikuchukua nafasi ya safari.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Ongeeni na mwalimu mkuu. Je, walimu wa shule jirani hukutana? Kama hapana, kikundi kinaweza kutoa ukumbi na chai mara moja kila muhula. Gharama si kubwa.

2. Wakumbukeni walimu wa chekechea. Mara nyingi mmoja yuko peke yake na watoto wengi. Nauli ya kwenda kuona darasa la mwenzake siku moja yaweza kumfaa kuliko bando za mwezi mzima.

3. Grupu ya simu isivunjwe. Itumike kupanga siku ya kukutana, na baadaye kuulizana: lile tuliloonyeshana, umelijaribu? Limekwendaje?

4. Msiingie darasani kumkagua mwalimu. Hiyo ni kazi ya mwalimu mwenzake na ya afisa wa elimu. Mwalimu akiona amewekwa kwenye mizani mbele ya wazazi, atafunga mlango, na watakaoumia ni watoto.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Simu ni kidole kimoja, kukutana ni cha pili.

MASWALI YA KUJADILI

- Walimu wa shule yetu walikutana lini mara ya mwisho na wenzao wa shule nyingine? Ni nini kinawazuia: nauli, wakati ama mahali?
- Sisi wenyewe tuna grupu ya kikundi chetu kwenye simu. Ni mambo gani tunayamaliza humo vizuri, na ni yapi hayamaliziki mpaka tuketi pamoja?
- Muhula ujao, tutatoa nini, na nani atafuatilia?