Muulize Shangazi: Kazi niliyoipenda sasa naiona mzigo

Shangazi, mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Nina mtoto wa miezi 7. Zamani nilikuwa wa kwanza kufika ofisini. Siku hizi ikigonga saa nane maziwa yanalowesha blauzi, naangalia saa tu. Bosi anaitisha vikao jioni. Nikifika nyumbani mtoto amelala, dada wa kazi amenuna. Juzi mtoto aliharisha, nikadanganya kuwa naumwa mimi. Mume wangu anasema niache kazi. Nimekuwa mvivu?
Mama Mtoto, Chanika

Mwanangu, mvivu hajiulizi hivyo. Mwili wako uko ofisini, roho iko Chanika, na hapo kazini hakuna aliyekuuliza. Lakini na wewe hujasema. Bosi anajua ana karani mgonjwa-mgonjwa. Hajui ana karani anayenyonyesha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kwa foleni ya Chanika muda huo unaishia barabarani, najua. Basi usiende kuomba "unielewe". Omba utoke saa tisa badala ya kumi na moja, na vikao viwe asubuhi. Maziwa ya saa nane uyakamue. Omba chumba chenye kitasa, hata stoo. Andika barua fupi, ubaki na nakala. Sheria haimlazimishi bosi kupanga saa hivyo, ila itamgharimu zaidi kutafuta mwingine anayezijua hesabu zake. Nimewaona wanawake waliopewa saa moja tu ya jioni wakachapa kazi kama waliopandishwa cheo. Nimewaona pia waliogawiwa vitenge Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, wakabaki na moyo uleule.

Akikataa hata kukusikiliza, kuna chama cha wafanyakazi, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usianzie huko.

Ule uongo wa kuumwa usiurudie. Sheria hiyohiyo inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto anapougua, na haikumtaja mama peke yake. Mumeo, kama ameajiriwa, naye anazo. Kabla hajakwambia tena uache kazi, muulize yeye ameshazitumia ngapi.