Fasihi ya vijana ni ipi, na ina thamani gani?

Swali: Fasihi ya vijana ni ipi, na inatofautianaje na ya watoto? (Msomaji, Kinyangiri, Singida)

Jibu: Fasihi ya vijana ni kazi za kubuni zinazowalenga wasomaji wa takriban miaka 12 hadi 18. Kwa kawaida mhusika mkuu ni kijana, na migogoro huonekana kwa macho yake: shule, mapenzi, umaskini, kutoelewana na wazazi. Fasihi ya watoto hutegemea zaidi picha, lugha nyepesi na funzo la wazi. Ya vijana humwachia msomaji aamue mwenyewe.

Mpaka wa fasihi ya vijana hubishaniwa. Kwa mfano, riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inamhusu msichana wa Ukerewe. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa uwazi wake kuhusu mapenzi, kisha ikaruhusiwa. Riwaya ya Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, inayoonyesha watoto wanaokosa shule kwa ufukara, imesomwa sana sekondari.

Fasihi ya vijana hujenga mazoea ya kusoma, hukuza msamiati, na humwezesha kijana kupima matokeo ya uamuzi kabla hayajamfika. Mzazi au mwalimu anayechagua kitabu aangalie jinsi jambo linavyoshughulikiwa, si kutajwa kwake tu.