Jongoo wa masika: mfuge, usimfagie

Mvua za masika zikishailowesha ardhi vizuri, jongoo hutoka. Hupanda kuta za jikoni, huvuka njia, hujikunja chini ya majani ya mwembe, na katika kaya nyingi desturi ni kuwafagia au kuwamwagia mafuta ya taa. Ushauri wa safu hii msimu huu ni kinyume chake: kamata wachache, watengenezee sanduku, wafuge mpaka wazae. Watoto wa nyumbani watapata mnyama mtulivu wa kumtazama kwa karibu, nalo ni jambo jema. Lakini mkulima ana sababu kubwa zaidi, kwa kuwa kumfuga jongoo vizuri ni sawasawa na kutengeneza udongo, na udongo huo ndio unaokosekana katika vitalu vyetu vya miche.

Tuanze na chakula chake. Jongoo si tandu. Tandu huwinda na kuuma, na ana jozi moja ya miguu katika kila pingili. Jongoo ana jozi mbili karibu katika kila pingili, hawindi, na taya zake husaga majani makavu na mti uliooza. Sehemu kubwa ya anachokula hutoka kama vidonge vidogo vya kinyesi, ambavyo bakteria na kuvu huvimaliza kwa urahisi kuliko jani zima. Ndiyo maana jani gumu la mwembe au mkorosho, ambalo wengi wetu hulichoma moto kila wiki, likipita tumboni mwake huwa mboji laini. Nchini Brazili, Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, limeendeleza mboji ya namna hii katika kituo chake cha Seropédica, jimbo la Rio de Janeiro. Hutumia jongoo mdogo mwekundu mwenye asili ya Asia, na mboji hiyo huoteshewa miche ya mboga. Sisi tuna wetu mkubwa: jongoo mweusi wa nyanda za chini za Afrika Mashariki, ambaye wanasayansi humwita Archispirostreptus gigas. Huweza kufikia sentimita 30 na ushei, na huishi miaka 5 hadi 7. Watu wa Ulaya na Marekani humfuga sebuleni, na wamejifunza kumzalisha humo humo ndani.

Wanaoshindwa kumfuga huwa wamekosea jambo moja: humpa vipande vya tango juu ya mchanga mtupu, wakidhani wamemlisha. Tango na papai ni kitoweo tu. Mlo wenyewe ni udongo anaokanyaga, kwa hiyo utayarishe kabla ya kumtafuta mnyama. Changanya majani yaliyokwisha kuoza nusu, mti mweupe uliooza hadi ukavunjika kwa vidole, na udongo wa mahali pasipopigwa dawa wala kutiwa mbolea ya chumvichumvi. Usitumie majani ya mwarobaini, ambayo tunayajua kwa kuulia wadudu, wala ya mkaratusi. Ongeza maganda ya mayai yaliyosagwa, maana gamba la jongoo hujengwa kwa kalisi. Kina cha udongo kisipungue urefu wa jongoo mwenyewe, kwa sababu hujichimbia chini kujivua gamba, na huko hukaa muda mrefu akiwa laini, asiyeweza kujitetea. Asipoonekana, usimfukue. Gamba alilolivua pia liache, atalila kurudisha madini yake. Unyevu uwe wa kiasi ambacho ukifumbata udongo mkononi unashikana bila kudondosha maji. Sanduku likae kivulini, juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji, la sivyo siafu watakutangulia.

Kuzaliana hakuhitaji ufundi mwingi. Mgeuze jongoo mzima taratibu utazame pingili ya saba kutoka kichwani: dume huonekana kama amepungukiwa miguu pale, kwani miguu ya pingili hiyo imegeuka kuwa viungo vya uzazi, ilhali miguu ya jike hufuatana bila pengo. Jike hutaga ndani ya udongo. Watoto hutoka weupe, wana jozi 3 tu za miguu, na huongeza pingili na miguu kila wanapojivua gamba. Kwa hiyo usimwage udongo wote kwa wakati mmoja. Vidonge vikizidi majani, chukua theluthi ya juu, ichambue kwa mkono, rudisha kila kilicho hai, kisha jaza majani mapya. Theluthi hiyo ndiyo ya kitalu cha nyanya na mchicha.

Mkulima wa karanga atauliza kama tunamfugisha adui, na swali lake ni la haki. Kaskazini mashariki mwa Uganda, utafiti uliochapishwa kati ya 2004 na 2005 ulionyesha jongoo wakiharibu karanga zinazoota, pamoja na viazi vitamu, hasa vile vinavyoachwa ardhini baada ya kukomaa. Hilo halikanushiki. Lakini katika sanduku mle hamna karanga, mna majani. Na shambani pia hasara hiyo hupungua viazi vikivunwa kwa wakati. Hoja ya sumu nayo ina ukweli. Jongoo akishtuka hutoa majimaji ya kahawia au manjano yanayotia doa ngozini na kuwasha vikali machoni, kwa hiyo mtoto amshike mbele ya mtu mzima na anawe kwa sabuni. Chagua wale wa mviringo, uwaache wenye mgongo bapa, maana miongoni mwao wapo wanaotoa sianidi.

Wapo pia watakaosema minyoo ni bora. Kwa mabaki laini ya jikoni na samadi, ni kweli, minyoo hufanya kazi upesi zaidi. Jongoo ni wa majani makavu na vijiti, vitu ambavyo minyoo huchelewa kuvigusa, na jongoo wakubwa huchukua miaka kukomaa, kwa hiyo wasitarajiwe kujaza magunia. Familia yenye miembe miwili uani inaweza kuwa na wote wawili.

Chukua wakubwa wachache tu msimu huu, wengine waache chini ya miti yao. Na kizazi kikizidi sanduku, wapeleke chini ya miembe au kichakani ulikowatoa wazazi wao, mbali na karanga zilizopandwa karibuni.