Kinachometa kwenye Mchanga wa Mvumi

Mvua zikikatika hapa Mvumi, Dodoma, makorongo hubaki na mchanga mweupe uliooshwa, na ndani yake humeta vipande vyembamba vya njano. Anayeviona mara ya kwanza moyo humdunda akidhani ni dhahabu. Mara nyingi ni ulanga: mawe ya itale ya vilima vyetu yanapooza kwa jua na mvua, ulanga mweusi uliomo hugeuka rangi ya dhahabu na kusombwa na maji.

Kutofautisha si kazi ngumu. Weka punje juu ya chuma, igonge kwa nyundo. Dhahabu hutandazika isivunjike. Ulanga huachana magamba. Piriti, jiwe lingine la njano linalodanganya wengi, husagika na kunuka kiberiti. Au isugue mgongoni mwa kigae, upande usio na rangi ya kung'aa. Dhahabu huacha mstari wa njano, piriti huacha mweusi wenye ukijani. Dhahabu pia ni nzito mara 19 kuliko maji, hivyo ukipepeta kwenye karai hulala chini kabisa wakati ulanga unaondoka na maji.

Lakini rangi isikushughulishe sana. Tafuta ufa.

Tani moja ya mwamba wa kawaida ina takriban miligramu 4 tu za dhahabu. Mwamba wenye gramu 4 kwa tani, ambao mgodi unaweza kuuchimba, umekusanyiwa dhahabu mara 1,000 zaidi. Aliyeikusanya ni maji. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kilomita kadhaa chini ya ardhi, maji ya moto wa nyuzi 300 hivi, yenye salfa na hewa ya ukaa, yalipita kwenye miamba yakiyeyusha chembe za dhahabu. Ardhi ilipopasuka, maji yalikimbilia kwenye nyufa, mgandamizo ukashuka ghafla, na mzigo ukatuliwa: mawe meupe ya kwatzi, piriti, na dhahabu kidogo. Ufa uliojazwa hivyo wachimbaji wanauita mshipa. Mmomonyoko wa mamilioni ya miaka ndio uliouleta karibu na nyayo zetu.

Uwanda wa kati wa Tanzania umekaa juu ya miamba hiyo mikongwe. Kule Sekenke, Iramba, Wajerumani walichimba dhahabu ya mishipa ya namna hii, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, waliitumia kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Kila ninapopita barabara ya Singida hufikiria safari ya punje hizo.

Madini ya fedha nayo mara chache hukaa peke yake kwetu. Huchanganyika na dhahabu au hufuatana na shaba. Makinikia, yaani mchanga wa madini, ya mgodi wa Bulyanhulu, yaliyozua mjadala mkubwa mwaka 2017, yalibeba yote matatu. Shaba ndiyo rahisi kutambua, kwa kuwa hutoa kutu: ukiona jiwe lenye madoa ya kijani au buluu yasiyotoka kwa kuoshwa, limepigwa na hewa na maji kama sufuria kuukuu ya shaba.

Kwatzi nyeupe imejaa Ugogo na nyingi ni tupu. Yenye kutu nyekundu na vishimo vya piriti iliyooza ndiyo ya kupimwa. Usichukue jiwe zuri moja. Chukua vipande kutoka sehemu kadhaa za mshipa, kila kimoja kwenye mfuko wake wenye alama ya mahali, upeleke maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoko Dodoma mjini.

Usianze kuchimba duara, yaani shimo la mgodi, kabla ya hapo. Shamba ni lako, ila madini yaliyo chini yake ni mali ya umma. Kuyachimba kunahitaji leseni ya Tume ya Madini, na leseni ndogo hutolewa kwa Watanzania kwa miaka 7. Na zebaki, sumu inayotumika kunasia dhahabu, isikaribie kabisa korongo la mchanga. Visima vyetu vya kiangazi huchimbwa humo humo.