Usukani Ukiwa Mzito: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipia Pampu Mpya

Mwenye gari la miaka mingi akilalamika kwamba usukani umekuwa mzito, huenda akaambiwa papo hapo kwamba pampu imekufa. Huenda ni kweli. Hata hivyo, pampu na reki ndivyo vipuri vya gharama kubwa katika mfumo huu, ilhali chanzo chaweza kuwa mkanda uliolegea au mpira uliochakaa. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji aanze na yaliyo rahisi.

Katika magari mengi ya zamani, usukani husaidiwa na mafuta. Mkanda unaozungushwa na injini huendesha pampu, nayo pampu husukuma mafuta kupitia mipira hadi kwenye reki inayogeuza magurudumu. Kisha mafuta hurudi kwenye chupa yake. Hayaungui kama petroli, yakipungua, yanavuja. Kuyaongeza kila wiki bila kutafuta mahali yanapovuja si matengenezo, kwa maana pampu inayokosa mafuta huvuta hewa na hatimaye huharibika. Aidha, mafuta yakidondokea ekzosi yenye joto kali yaweza kuwaka.

Hatua za ukaguzi

1. Pima upepo wa magurudumu ya mbele. Upepo ukipungua, usukani huwa mzito.

2. Tazama kiwango cha mafuta kwenye chupa. Ongeza aina iliyotajwa katika kitabu cha gari pekee. Baadhi ya magari hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, mengine yana mafuta yake maalumu.

3. Sikiliza unapokata kona. Mlio mkali huashiria mkanda unaoteleza. Mngurumo huashiria uhaba wa mafuta au hewa ndani yake.

4. Injini ikiwa imezimwa, fundi akague viungo vya mipira na vifuniko vya mpira vilivyo kwenye ncha za reki. Vikiwa na mafuta ndani, sili za reki zimekwisha.

Haki zako gereji

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Ukishapewa makadirio, malipo hayapaswi kuyazidi kwa zaidi ya asilimia 10. Vilevile, una haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Vidai, kwani pampu kuukuu iliyo mkononi mwako ni ushahidi kwamba ilibadilishwa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba hewa imetolewa katika mfumo na, iwapo reki imebadilishwa, kwamba magurudumu yamesawazishwa. Endesha gari pamoja na fundi, kisha chukua risiti inayotaja kila kipuri na gharama ya kazi. Bila risiti hiyo, ni vigumu kwetu kushughulikia lalamiko lako.