Pikipiki Zatoka Wapi? Habari za Viwanda Mashuhuri vya Dunia

Katika vijiji na miji ya Kenya ni vyombo vichache vya safari vijulikanavyo leo kama pikipiki. Huchukua maziwa asubuhi, watoto waendao shule, mgonjwa apelekwaye hospitali, na hata kitanda na kabati za mtu ahamaye nyumba. Walakini ni wachache waulizao jina lile lililoandikwa ubavuni mwa tangi la petroli lilianzia wapi. Yafaa habari zake zijulikane, kwa maana viwanda vilivyokuwa na nguvu kupita vyote duniani vimekwisha kufungwa, na vingine vilivyoanzia katika vibanda vya mbao vimeenea ulimwenguni kote.

Chombo cha kwanza cha namna hii kuendeshwa kwa petroli kiliundwa Ujerumani mwaka wa 1885 na Bw. Gottlieb Daimler na mwenzake Bw. Wilhelm Maybach, katika mji wa Cannstatt. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na pembeni palikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kukizuia kisianguke. Nia ya mabwana hao haikuwa kuuza pikipiki. Walitaka kuijaribu injini yao tu, kisha wakageukia kazi ya motokaa. Pikipiki za kwanza kuundwa kwa wingi ili ziuzwe zilitoka Munich mwaka wa 1894, katika karakana ya Hildebrand na Wolfmüller, lakini biashara hiyo haikudumu.

WAHUNZI WA BUNDUKI

Uingereza ndiyo iliyokuja kuwa nchi ya pikipiki. Herufi tatu za BSA maana yake ni Silaha Ndogo za Birmingham, kwa kuwa kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1861 na mafundi wa bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Vita vilipopungua na serikali ikawa hainunui bunduki, mafundi walitumia mashine zao kuunda baisikeli, na kutoka 1910 wakauza pikipiki. Royal Enfield nao, wa mji wa Redditch, walipata jina lao kwa sababu walikuwa wakitengeneza vipande vya bunduki kwa ajili ya kiwanda cha serikali kilichokuwa Enfield. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1901, na kwa miaka mingi walijisifu kwamba mashine yao imeundwa kama bunduki.

Triumph ilianzishwa na mgeni. Bw. Siegfried Bettmann alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, akaenda Uingereza kufanya biashara ya baisikeli, na mwaka wa 1902 kiwanda chake cha Coventry kikatoa pikipiki ya kwanza, yenye injini iliyonunuliwa Ubelgiji. Watu wa Coventry walimheshimu sana hata wakamfanya meya wa mji mwaka wa 1913. Katika vita vya 1914 hadi 1918 kiwanda chake kiliwapa askari wa Uingereza na marafiki zao pikipiki zipatazo 30,000. Ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji wa Coventry mwezi wa Novemba 1940, na kiwanda cha Triumph kikateketea pamoja nao. Kazi ikahamishiwa Meriden, kijiji kilicho karibu. Katika vita hivyo vya pili BSA peke yake iliunda zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya majeshi.

Upande wa Marekani, majina mawili ndiyo yaliyosimama mbele. Indian ilianza mwaka wa 1901 katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Harley-Davidson ilianza mwaka wa 1903 huko Milwaukee, ambako vijana wawili, William Harley na Arthur Davidson, walifanya kazi katika kibanda cha mbao chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, nyuma ya nyumba ya kina Davidson. Marekani ilikuwa na waundaji wengi wakati huo. Lakini motokaa za bei nafuu za Bw. Ford ziliwanyang'anya wanunuzi, kisha dhiki kuu ya biashara iliyoanza mwaka wa 1929 ikawamaliza karibu wote, wakabaki hao wawili. Indian nayo ilifungwa mwaka wa 1953, na jina lake limefufuliwa baadaye na watu wengine.

MASHINE MOJA, MAJINA MENGI

Kisa kimoja chaonyesha jinsi ufundi unavyosafiri. Katika mji wa Zschopau, Ujerumani, Mdenmaki mmoja, Bw. Rasmussen, alianzisha kiwanda cha DKW, na karibu na mwaka wa 1930 hapakuwa na kiwanda cha pikipiki kikubwa kuliko hicho duniani. Kabla ya vita kilitoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125, nyepesi na rahisi kutengeneza. Ujerumani iliposhindwa mwaka wa 1945, michoro ya pikipiki hiyo ilichukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia ya vita. BSA wakaitoa mwaka wa 1948 kwa jina la Bantam; Harley-Davidson wakaunda yao; Warusi wakaiita Moskva. Hata Wajapani, ambao hawakuwa miongoni mwa washindi, waliiangalia kwa makini, na pikipiki ya kwanza ya Yamaha, ya mwaka wa 1955, ilifuata mfano wake. Basi mtu angeweza kuiona Birmingham, Milwaukee, Moscow na Hamamatsu, naye asijue kwamba mama yao ni mmoja.

MTOTO WA MHUNZI

Hamamatsu ni mji wa Japani ambao hapana budi kuutaja katika habari hizi, kwa kuwa makampuni matatu makubwa yana mizizi yake pale. Yamaha ilianza kwa kuunda vinanda, ndiyo sababu alama yake hata leo ni vyuma vitatu vya kupimia sauti. Suzuki ilianza mwaka wa 1909 kwa mitambo ya kufumia nguo. Ya tatu ni Honda.

Bw. Soichiro Honda alizaliwa mwaka wa 1906 karibu na mji huo. Baba yake alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baisikeli. Kijana hakusoma sana. Alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji ya motokaa. Baadaye alifungua kiwanda cha ringi za pistoni, na cha kwanza alichogundua ni kwamba hajui vyuma: ringi zake zilikataliwa na wanunuzi. Hakuona haya kuingia tena darasani, mtu mzima mwenye kiwanda, ili ajifunze elimu ya vyuma. Kisha vikaja vita. Mabomu yaliharibu sehemu ya kiwanda, na mwezi wa Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kilichosalia. Akayauza mabaki.

Baada ya vita Japani ilikuwa katika dhiki. Magari yalikuwa machache, petroli ilitolewa kwa kipimo, na watu walitembea mbali kutafuta chakula mashambani. Mwaka wa 1946 Bw. Honda aliona injini ndogo zilizoachwa na jeshi, ambazo zilikuwa zikitoa umeme wa mitambo ya simu za upepo. Alinunua zipatazo 500, akazifunga katika baisikeli za kawaida, na kwa kuwa petroli haikutosha, alichanganya mafuta yatokayo katika misonobari. Mkewe ndiye aliyepanda moja kati ya zile za kwanza mbele ya watu mjini. Zote zikanunuliwa. Injini za jeshi zilipokwisha, ikabidi aunde za kwake, na mwezi wa Septemba 1948 kampuni ya Honda ikaandikishwa.

Mwaka uliofuata aliingia Bw. Takeo Fujisawa, mtu wa biashara. Honda alipenda injini na hakupenda hesabu, kwa hiyo alimwachia mwenzake fedha zote na hata muhuri wa kampuni. Si wakubwa wengi wawezao kufanya hivyo. Fujisawa ndiye aliyesema kwamba yatakiwa pikipiki ambayo kijana wa duka la chakula ataweza kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika sinia la tambi. Neno hilo lafanana na mzaha, lakini lilikuwa amri kwa mafundi. Wakabuni klachi ijishikayo yenyewe, isiyohitaji mkono wa kushoto. Wakaweka ngao ya plastiki ya kukinga miguu na matope. Wakashusha fremu katikati ili hata mwanamke aliyevaa nguo ndefu apande bila taabu. Injini yake ya cc 50 haikutaka oili ichanganywe katika petroli, wala haikutoa moshi mwingi. Iliitwa Super Cub, nayo ilianza kuuzwa mwezi wa Agosti 1958. Kufikia mwaka wa 2017 pikipiki za jamii hiyo zilizokwisha kuundwa zilifika milioni 100. Hakuna chombo kingine chenye injini kilichoundwa kwa wingi namna hiyo.

Wakati huohuo Bw. Honda alipeleka waendeshaji wake katika mashindano ya kisiwa cha Man, ambako pikipiki hupimwa nguvu kuliko mahali pengine. Walikwenda mara ya kwanza mwaka wa 1959, wakapata zawadi ya timu katika daraja la cc 125, ingawa hakuna kati yao aliyeshinda. Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1961, Honda ilishinda madaraja mawili, la 125 na la 250.

MALANGO YA MERIDEN

Huenda msomaji akauliza, je, Waingereza hawakuona? Waliona. Mwaka wa 1960 Bw. Edward Turner, fundi mashuhuri aliyebuni pikipiki ya Triumph yenye silinda mbili, alikwenda Japani, akavitembelea viwanda, na akarudi na taarifa yenye kuonya. Lakini wakubwa wa BSA, ambao wakati huo walikuwa na Triumph pia, walijituliza kwa wazo hili: kijana atajifunzia pikipiki ndogo ya Kijapani, na akikua atanunua kubwa ya Kiingereza. Kwa hiyo fedha za faida hazikutumiwa vya kutosha kununua mitambo mipya, na pikipiki ziliendelea kuvuja oili chini ya sakafu ya mwenyewe, kama zilivyovuja zamani. Wenye kuzipenda walizisamehe. Mnunuzi mpya hakuwa na sababu ya kusamehe.

Mwaka wa 1969 Honda ikatoa pikipiki ya silinda nne, cc 750, yenye breki ya sahani mbele na injini iwashwayo kwa kubonyeza kitufe. Pikipiki mpya za BSA na Triumph za silinda tatu, zilizotoka mwaka mmoja kabla, ziliwashwa kwa teke. Kabla ya mwisho wa 1973 BSA ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Norton kwa msaada wa fedha za serikali, na wakubwa wapya wakatangaza kwamba kiwanda cha Meriden kitafungwa. Wafanyakazi walikataa. Walifunga malango na kuyalinda mchana na usiku kwa muda wa mwaka na zaidi, wakizuia pikipiki na mitambo isitolewe. Mwaka wa 1975 serikali iliwakopesha fedha, wakakiendesha kiwanda wenyewe kwa ushirika. Ushirika huo ulijitahidi hadi 1983, lakini deni lilikuwa kubwa na mashine zilikuwa za kale, ukashindwa. Jina la Triumph lilinunuliwa na mjenzi wa nyumba, Bw. John Bloor, ambaye hakufufua mitambo ya zamani hata moja. Alianza upya katika mji wa Hinckley, na pikipiki zake zikatoka karibu na mwaka wa 1991.

Harley-Davidson pia ilikaribia kuanguka. Mwaka wa 1981 wakubwa wake 13 waliinunua kutoka kwa kampuni iliyoimiliki, na mwaka wa 1983 Rais Reagan alipandisha sana ushuru wa pikipiki kubwa zitokazo nje. Muda huo waliutumia kujifunza njia za viwanda vya Kijapani, na mwaka wa 1987 wao wenyewe wakaomba ushuru uondolewe kabla ya wakati wake.

ZIJAZO AFRIKA MASHARIKI

Royal Enfield haikufia Redditch. Jeshi la India lilitaka pikipiki za aina ya Bullet kwa kulinda mipaka, na mwaka wa 1955 kampuni iliundwa Madras ili ziunganishwe huko. Kiwanda cha Uingereza kilifungwa karibu na 1970, bali cha India kiliendelea, na leo jina hilo ni la Kihindi kabisa. Wahindi wengine walijifunza kwa mapatano na wageni: Bajaj kwa Vespa ya Italia na baadaye Kawasaki, TVS kwa Suzuki, Hero kwa Honda kutoka mwaka wa 1984. Mwaka wa 2001 Hero na mwenzake wakawa wa kwanza duniani kwa wingi wa pikipiki, na mwaka wa 2010 waliamua kuachana.

Kutoka katika viwanda hivyo vya India, na vile vya Uchina, ndiko zitokako pikipiki nyingi za bodaboda. Kazi hiyo ilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, wakati ilipofanywa kwa baisikeli, nalo jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza la mpaka. Mwendeshaji wa bodaboda akichagua Boxer ya Bajaj au TVS, huuliza mambo machache: bei yake, petroli inayokunywa, na kama vipuri vyapatikana katika duka la sokoni. Maswali hayo si tofauti sana na yale ya kijana wa tambi wa Japani.

Na sasa injini yenyewe imeanza kuondolewa. Mwaka wa 2023 kampuni ya Roam, iliyoanzishwa na wahandisi kutoka Sweden, ilifungua kiwanda mjini Nairobi cha kuunganisha pikipiki za umeme. Katika pikipiki hizo hakuna silinda, wala ringi za pistoni, wala klachi. Pana betri, ambayo mwendeshaji huweza kuitoa na kuitia umeme nyumbani kwake usiku.