Harufu ya dawa katika maji ya bomba

Wapo wanaomwaga maji ya bomba kwa kuwa yananuka dawa, wakakimbilia ya kisima kwa sababu yanang'aa na hayana harufu. Hapo tunakosea.

Dawa hiyo ni klorini. Mtamboni huua vijidudu vilivyotoka mtoni, lakini ina kazi ya pili ambayo wengi hawaijui: kiasi kidogo hubakishwa ndani ya maji kiyalinde njiani. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafikapo kwa mtumiaji yawe na mabaki yasiyopungua miligramu 0.2 katika kila lita. Ukomo wa juu ni miligramu 5, na watu wengi huisikia harufu mapema kabla ya kufika huko.

Tatizo ni kuwa klorini huliwa safarini. Kutu, tope na utando ulioganda ndani ya mabomba huimaliza, na joto huharakisha. Mgao nao huzidisha hatari. Bomba likikosa msukumo, palipopasuka panavuta maji machafu ya ardhini, hata ya vyoo. Anayefunga pampu kunyonya maji moja kwa moja kutoka bombani anawaletea jirani zake balaa hilo hilo. Zimbabwe mwaka 2008 na 2009 dawa za kutibia maji ziliadimika, maji yakakatikakatika na majitaka yakafurika mitaani. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 4,000.

Kwa hiyo maji yakirudi baada ya mgao, ya mwanzo yaache yafanyie kazi ya chooni. Tangi lifunikwe, lisipigwe jua, na lisuguliwe tope likianza kutuama. Maji yaliyokaa humo siku kadhaa msiyahesabu kuwa bado yana dawa. Kuyachemsha ni vizuri, ila kuchemsha nako huondoa klorini, hivyo mkono mmoja ukiingia na kikombe mtungini, yamechafuka tena. Tumieni chombo chenye mfuniko na koki.

Tena lipo tangi la msikitini, ambako watoto wa madrasa hunywa wakitoka darasani. Maji hayo huwa twahara kwa udhu na bado yasifae kunywa. Kamati iulizwe lilioshwa lini, na watoto wawekewe ndoo yao ya maji yaliyotibiwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa.